NANI ALIPINGA? MAISHA YA TIPPU TIP YAKISOMWA KUTOKA ANKORO

1. Utangulizi

Mahali mto Luvua unapoungana na mto Lualaba, katika eneo la Manono, magharibi ya Kalemie, pana mji mdogo uitwao Ankoro. Wenyeji wake wengi ni Waluba, na kando ya Kiluba, Kiswahili ni lugha inayowaunganisha na watu wa mikoa mingine ya mashariki ya Kongo. Nchi hiyo ya Waluba ndiyo ambayo wasafiri wa pwani wa karne ya kumi na tisa waliiita Urua. Jina la Urua linajitokeza mara kadhaa katika kitabu mashuhuri cha nathari ya Kiswahili, yaani Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Jambo la kustaajabisha ni kwamba uhakiki wa kitabu hiki hufanywa daima kutoka Unguja, Dar es Salaam, Brussels au Berlin. Ni nadra kufanywa kutoka Urua yenyewe.

Makala haya yanakusudia kukisoma kitabu hicho kutoka upande huo. Swali linalotuongoza ni moja: katika historia ya kuingia kwa ukoloni katika nchi za Lualaba na ziwa Tanganyika, ni nani aliyepinga? Swali hili hujibiwa kwa njia mbili zilizozoeleka. Jibu la kwanza, la Wabelgiji, lasema kwamba hapakuwa na upinzani wowote dhidi ya ukoloni, bali palikuwa na Waarabu wauza watumwa walioshindwa na wakombozi. Jibu la pili, lililopata nguvu baada ya uhuru, huligeuza lile la kwanza: kwa kuwa Waarabu walipigana na Wabelgiji, basi wao ndio waliokuwa wapinzani wa ukoloni. Tutajaribu kuonyesha kwamba majibu yote mawili yanakosea, na kwamba kitabu cha Tippu Tip, kikisomwa kwa makini, chenyewe chatoa ushahidi wa kuyakataa.

2. Kitabu na waliokiandaa

Hamed bin Muhammed alizaliwa Unguja mnamo mwaka 1837, katika ukoo wenye asili ya Oman ambao pia ulikuwa umechanganya damu na watu wa Afrika. Alifariki Unguja mwaka 1905. Baada ya kurudi kutoka bara aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kwa kuhimizwa na Heinrich Brode, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi za ubalozi. Brode aliyahamishia maandishi hayo katika herufi za Kirumi na kuyachapisha Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani miaka ya 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley aliyatafsiri kwa Kiingereza, yakatolewa mwaka 1958 na 1959 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Mwaka 1974 François Bontinck alitoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi.

Yafaa tukumbuke mazingira hayo kabla ya kuingia katika matini. Msimulizi anaandika akiwa mzee, katika mji ulio chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890, kwa ombi la ofisa wa dola nyingine ya kikoloni, juu ya nchi ambayo imekwisha kutwaliwa na dola ya tatu. Dola zote tatu ni wasomaji wake watarajiwa. Mtu wa Urua hakuwa miongoni mwa wasomaji hao.

Kifani, usimulizi wake ni wa mfanyabiashara. Sentensi ni fupi, matukio yanafuatana upesi, na hesabu ya frasila za pembe haiachwi nyuma. Majina ya wadai, ya ndugu na ya Wahindi waliotoa mali kwa mkopo yanatajwa kwa uangalifu. Wahakiki wengi wameisifu nathari hii kwa uwazi wake, nasi hatuna sababu ya kuipinga sifa hiyo. Lakini uwazi huo una mpaka. Watu wa pwani wana majina, nasaba na kauli, ilhali wengi wa watu wa bara huitwa washenzi kwa jumla, nao huonekana pale tu wanapotoa pembe, wanapokataa kutoa pembe, au wanapokimbia. Machifu wachache ndio wanaopata kusema, na hata wao husema kupitia kinywa cha msimulizi.

3. Chifu Nsama na uongo wa ukoo

Mfano ulio wazi ni ule wa Nsama wa Itabwa, anayeitwa Samu katika kitabu. Mwaka 1867 Tippu Tip alimwendea chifu huyu, aliyekuwa na sifa ya kuwashinda wafanyabiashara waliotangulia. Kwa mujibu wa usimulizi, wageni walikaribishwa vizuri, kisha wakashambuliwa kwa hila ndani ya boma. Msimulizi akajeruhiwa kwa mishale, lakini bunduki zikashinda na pembe nyingi zikapatikana. Ni katika muktadha wa vita vya namna hii ndipo anapolieleza jina lake la Tippu Tip kuwa ni mwigo wa sauti ya bunduki zake.

Tukiisoma sehemu hii kwa kumfuata msimulizi, Nsama ni mwenyeji mwenye hiana. Tukiisoma kutoka bara, swali linabadilika. Mwenye nchi aliyekwisha kuona misafara yenye bunduki, na ambaye ghala yake imejaa pembe, angewaonaje wageni hao? Kitabu hakitupi neno lolote la Nsama kuhusu sababu zake. Kwa bahati, David Livingstone alikuwa akipita pande hizo mwaka huo huo, naye aliandika habari za vita hivyo na za amani iliyofuata, ambayo ilitiwa muhuri kwa mfanyabiashara mmoja wa pwani kuozwa binti wa Nsama. Kwa hiyo tunajua kwamba Nsama hakuwa kikwazo tu cha njiani. Alikuwa mtawala aliyejaribu kwanza silaha, kisha ujamaa wa ndoa, ili nchi yake isimponyoke. Huo ni upinzani, ingawa kitabu kinauita hila.

Mfano wa pili unahusu Urua moja kwa moja. Katika safari ya baadaye Tippu Tip aliingia Utetela akajitambulisha kwa chifu Kasongo Rushie kuwa ni jamaa yake. Hoja yake ilikuwa kwamba wanawake wa ukoo wa chifu huyo walitekwa zamani na watu wa Urua, na kwamba bibi yake mwenyewe alikuwa mmoja wao. Chifu mzee akaamini, akamkabidhi utawala na pembe. Sehemu hii husimuliwa darasani kama kichekesho cha werevu, na kweli ina ladha ya hadithi za sungura. Hata hivyo, yafaa tuone ni nini kilichotumika hapa. Mateka wa kike, ambao hatuambiwi habari zao zaidi, wanageuzwa kuwa hati ya kumiliki nchi. Msafiri ameuchukua msiba wa watu akautia katika hesabu yake. Wala yeye hakuwa wa mwisho kufanya hivyo. Baada ya miaka michache Wazungu nao walikuja katika nchi hiyo hiyo wakiwa na habari za mateka mikononi, nao wakazifanya hati ya kutawala.

Hapa inafaa kulinganisha na riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ambayo sasa inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Katika riwaya hiyo msafara wa pwani unafika kwa chifu Chatu, naye anawazuia wafanyabiashara na kuwanyang'anya mali kwa sababu ya mabaya ambayo watu wake walikwisha kutendewa na waliotangulia. Kisha anatokea Mzungu mwenye askari, na chifu analazimishwa kurudisha mali. Gurnah, ambaye ni mzaliwa wa Unguja, amempa mtu wa bara kile ambacho Tippu Tip alimnyima, yaani sababu. Tena ameonyesha mabwana wawili wakipishana mlangoni mwa chifu mmoja.

4. Barghash na bendera ya Leopold

Wanaomtetea Tippu Tip kama mpinzani wa ukoloni hawakosi hoja kabisa. Sehemu yenye uchungu kuliko zote katika kitabu ni ile ya mazungumzo yake na Sayyid Barghash huko Unguja. Sultani, ambaye awali alimtaka ashike Manyema kwa niaba yake, sasa anamweleza kwamba hana tena uwezo wa kuishughulikia bara, kwa kuwa Wazungu wanataka kumnyang'anya hata Unguja. Msimulizi anaelewa hapo kwamba matumaini yamekwisha. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikuwa wamekubaliana kumwachia Sultani visiwa na ukanda mwembamba wa pwani tu. Mwaka 1888 Barghash akafariki, na 1890 Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Nchi ya Kiarabu ya Afrika ya Mashariki ilikuwa yenyewe inatawaliwa.

Lakini kilichofuata baada ya mazungumzo hayo hakikuwa upinzani. Mwaka 1887, hapo hapo Unguja, Tippu Tip alitia saini mkataba na Henry Morton Stanley, kwa niaba ya mfalme Leopold II, akawa liwali wa Dola Huru ya Kongo huko Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Bendera ya Leopold ikapepea kwake. Uhusiano wake na Stanley ulikuwa wa zamani. Walikutana mwaka 1876, wakapatana malipo kwa ajili ya kusindikiza msafara kufuata Lualaba, na kitabu kinalalamika kwamba Stanley hakutimiza ahadi zake. Tunapopima malalamiko hayo, tunaona kwamba ni ya mshirika aliyedhulumiwa katika mapatano. Hayasemi kwamba Stanley hakustahili kupita. Yanasema kwamba hakulipa.

Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita. Alikuwa amebanwa na dola zenye nguvu kuliko yeye, akachagua njia iliyokuwapo. Tunasema tu kwamba mtu anaweza kutawaliwa upande mmoja na kutawala upande wa pili, na kwamba uhakiki unaomtaka awe ama shetani ama shujaa hauwezi kuusoma ukurasa wa Barghash na ukurasa wa Nsama kwa pamoja.

5. "Vita vya Waarabu"

Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890. Vita vilivyokuja baadaye havikumkuta huko. Kati ya 1892 na 1894 majeshi ya Dola Huru chini ya Francis Dhanis yalipigana na mwanawe Sefu, pamoja na wakuu wengine, na hatimaye na Muhammad bin Khalfan el Barwani, aitwaye Rumaliza. Nyangwe ilianguka Machi 1893, na Kasongo Aprili mwaka huo. Sefu aliuawa kabla mwaka haujaisha. Rumaliza alishindwa mapema mwaka 1894 akakimbia. Ukingoni mwa ziwa, kapteni Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa, alikuwa amejenga ngome aliyoiita Albertville. Ndiyo Kalemie ya leo.

Wabelgiji waliita mapigano hayo vita vya Waarabu. Jina hilo lilifanya kazi kubwa. Kwanza, lilificha kwamba wapiganaji wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika wa nchi hizo hizo. Ngongo Leteta alikuwa mkuu wa vita upande wa pwani. Mwaka 1892 akahamia kwa Wabelgiji, na ushindi wao ulitegemea sana watu wake. Septemba 1893 Wabelgiji hao hao walimwua kwa tuhuma za usaliti. Mwaka 1895 askari waliokuwa wake waliasi huko Luluabourg. Uasi huo, ulioanzishwa na watu waliokwisha kutumikia mabwana wawili, haumo katika vita vya Waarabu, na kwa hiyo husahauliwa upesi.

Pili, jina hilo liliufanya ukoloni uonekane ukombozi. Katika bustani ya Cinquantenaire mjini Brussels limesimama tangu 1921 sanamu la kuwatukuza waanzilishi wa Kongo, lenye maandishi yaliyosifu ushujaa wa kijeshi wa Ubelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mwenye watumwa. Mwishoni mwa karne ya ishirini, baada ya malalamiko, neno la Mwarabu lilichongolewa kutoka katika jiwe. Tendo hilo linafaa kutazamwa kama tendo la uhakiki, tena pungufu. Aliyetukanwa amefutiwa tusi, lakini sifa ya ushujaa wa mkoloni ikaachwa. Mtu wa Lualaba, ambaye inadaiwa yote yalitendwa kwa ajili yake, hakuulizwa.

Kwamba habari ya utumwa ilitumika kama kisingizio haimaanishi kwamba utumwa haukuwapo. Hapa ndipo jibu la pili tulilolitaja linapoteleza. Nchi za Urua na Manyema zilitekwa kweli, na makovu yake ni ya kweli. Vilevile kisa cha Lusinga kinatuonya tusikimbilie majibu mepesi. Chifu huyu wa Watabwa, karibu na Mpala kusini ya Kalemie, alikuwa mwenyewe mwuza watumwa. Desemba 1884 watu wa luteni Émile Storms walimwua wakamkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Sanamu la Storms liliondolewa katika uwanja mmoja wa Brussels mwaka 2022. Lusinga alimpinga Storms, naye aliwauza majirani. Sentensi hizi mbili ni za kweli kwa pamoja.

Ndiyo maana tunapendekeza kutofautisha ushindani wa mabwana na upinzani wa watawaliwa. Kipimo chake si rangi wala dini ya mpiganaji. Tuulize: kama angeshinda, mtu wa kawaida wa Ankoro angeruhusiwa kukaa na watoto wake na mavuno yake? Kwa kipimo hiki vita vya Sefu na Dhanis kwa sehemu kubwa ni ushindani. Vita vya Nsama, maasi ya 1895, na ukaidi wa Kasongo Niembo, mtawala wa Waluba aliyewasumbua Wabelgiji mpaka alipokamatwa mwaka 1917, vinakaribia zaidi upinzani, ingawa kila kimoja kina madoa yake.

6. Wenye kusema baadaye

Kama Maisha ya Tippu Tip yanawanyima watu wa bara kauli, Kiswahili chenyewe hakikuwanyima daima. Misafara ilikieneza, wamisionari na serikali ya kikoloni wakakitumia kwa kuamrisha, lakini wenyeji wakakifanya chao. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha Katanga na kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa Wazungu, historia ya mji wa Elisabethville, ambayo Johannes Fabian aliitoa mwaka 1990 pamoja na uchambuzi. Ni matini isiyofuata tahajia sanifu, na kwa sababu hiyo baadhi ya walimu wameiona haifai darasani. Hata hivyo, humo msemaji ni yule aliyebeba mzigo.

Miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alichora historia nzima ya nchi yake na kuieleza kwa Kiswahili katika mazungumzo na Fabian. Katika uchoraji wa Katanga wa wakati huo mada mbili zilikaa karibu: Waarabu waliovaa kanzu wakiongoza safu ya watu waliofungwa shingo, na koloni la Wabelgiji, ambamo askari mweusi anampiga mfungwa viboko mbele ya ofisa mweupe. Watu walizitundika picha hizo sebuleni mwao. Kwa jicho la mchoraji, kamba ya kwanza na kiboko cha pili ni historia moja inayoendelea. Hakuna bwana aliyesafishwa kwa ubaya wa mwenzake. Huo ni uhakiki ambao vyuo vyetu vimechelewa kuufikia.

7. Hitimisho

Huenda msomaji akauliza faida ya kubishana juu ya vita vya zaidi ya miaka mia na thelathini iliyopita. Jibu liko Ankoro. Novemba 2002 jeshi la serikali na wapiganaji wa Mai-Mai walipambana mjini humo; raia waliuawa na nyumba nyingi zikateketezwa. Kila upande ulikuwa na lugha ya kulinda wananchi na nchi. Wananchi wenyewe walikimbia. Anayefundishwa kwamba kila apiganaye na mgeni ni mpinzani, au kwamba kila amshindaye mtesaji ni mkombozi, hana maneno ya kueleza yaliyowapata watu hao.

Kwa hiyo hatupendekezi kwamba Maisha ya Tippu Tip yaondolewe katika mitaala. Ni nathari bora, na ni ushahidi ambao hatuna mwingine wa kulingana nao. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kisomwe pamoja na Yav, Tshibumba na Gurnah, ili mwanafunzi asikie kauli za waliotajwa bila kusemeshwa. Pili, neno Waarabu, linapotokea katika habari za Kongo, lielezwe kila mara ni akina nani hasa, na ni nani aliyewaita hivyo. Tatu, idara za Kiswahili za Lubumbashi, Kalemie na kwingineko zishirikiane kukusanya masimulizi ya Urua, kwa Kiluba na kwa Kiswahili, maadamu wapo wazee wanaoyakumbuka kutoka kwa wazee wao. Msimulizi mashuhuri ametuachia jina la Samu na habari za pembe zake. Kazi ya kutafuta alichokisema Samu imebaki kwetu.